Siku Mkia Alipotangulia

Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, amekula jasho lake kwa kazi moja tu: kutembea nyuma ya watu. Wenzake wanamwita Mkia, na hata mdogo wangu akikasirika nyumbani, hilo ndilo jina linalomtoka. Kwetu kazini si tusi. Kila kundi la wageni linaloingia msituni huenda na watembezaji wawili. Anayetangulia anaitwa kichwa, anayefunga msafara anaitwa mkia. Kichwa anaongea, anataja majina ya miti, anaonyesha ndege, anapigwa picha. Mkia hasemi kitu. Anatazama visigino vya mtu wa mwisho, anaokota kofia na chupa zinazoanguka, anamsubiri mzee aliyeingia kichakani kujisaidia, na mtu akiteguka mguu anambeba mgongoni mpaka chini. Nayajua haya kwa sababu mimi niko getini, kwenye kibanda cha kukodisha mabuti na makoti ya mvua. Hakuna mguu unaopanda mlima huu kabla sijauvisha.

Mlima wenyewe ni mmoja, uko katikati ya kisiwa, na msitu umeufunika wote. Njia inaupanda kwa mzunguko. Unaingia getini, unavuka daraja la mbao, unapita kwenye maporomoko, unapanda mpaka kwenye jabali ambako bahari inaonekana pande zote, halafu unateremka upande wa pili na kutokea nyuma ya kibanda changu ukiwa na matope mpaka masikioni. Haipitwi kinyume hata siku moja, kwa sababu mteremko ule ukiupanda utakutoa roho. Katikati kuna njia panda nyingi, za wakata kuni na wachota maji wa zamani, nyingine zinaishia kwenye korongo. Zamani kila njia panda ilikuwa na kibao. Ofisi ikaving'oa vyote, wakubwa wakasema vinaharibu mandhari. Uongo mtupu. Vibao vilikuwa vinawafanya wageni watembee wenyewe bila kulipia mtembezaji, basi vikaenda kuchemshia chai ya wafanyakazi. Mimi mwenyewe nilikunywa.

Kichwa wa kundi la shemeji yangu ni mdogo wake, baba mmoja mama mmoja. Tunamwita Spika, na ukikaa naye muda wa kumaliza kikombe cha chai utajua kwa nini. Wazazi wao walipofariki, Mkia aliacha shule akawa anabeba mizigo bandarini ili huyu mdogo asome. Baadaye akamleta kazini kwetu. Ofisi ilipotaka kichwa mpya, walimwendea Mkia kwanza. Akasema, mimi mdomo wangu mzito, mpeni mdogo wangu, huyo kuongea ndiyo chakula chake. Basi Spika akawa mfyekaji kwa muda, anaingia asubuhi na panga kufungua njia, kisha akavaa kizibao chekundu cha kichwa. Shukrani yake ikawa hii: kila kundi likifika darajani, anasimama, anamnyooshea kaka yake kidole, anasema, "Yule kule nyuma ni kaka yangu. Msimwogope, ni mzima, ila tangu azaliwe hajawahi kuona mbele." Wageni wanacheka. Mkia naye anacheka kidogo, anaokota karatasi ya biskuti.

Mimi nilikuwa namwambia, wewe shemeji, hiki kicheko cha kila siku utakufa nacho. Anajibu, "Si watu wamefurahi?" Mtu wa namna hiyo unamfanya nini? Ukimwonea huruma, anakuuliza kama umekula.

Ana binti mmoja. Huyo binti ndiye aliyemnyima usingizi tangu anazaliwa mpaka anaajiriwa benki, kwenye dirisha la kioo, anaongea na wateja kupitia kitundu. Ni mzuri, ni mwerevu, na ana aibu ya kwao kama mtu mwenye kidonda mahali pabaya. Alipopata mchumba, mtoto wa matroni mstaafu wa hospitali, alimwambia kijana yule kwamba baba yake ndiye kiongozi wa watembezaji wote wa msituni. Kijana akamwambia mama yake. Mama mtu akasema vizuri sana, tukienda kujitambulisha huyo baba atutembeze mwenyewe, nimeketi wodini maisha yangu yote, nataka kuona miti.

Siku binti alipokuja kulisema hilo nilikuwepo, nakata vitunguu jikoni kwa mdogo wangu. Mkia alikuwa amekaa kwenye kigoda anasugua matope kwenye mabuti yake kwa kisu kisichokata.

"Baba, wanakuja Jumapili," binti akasema. "Wanataka kuupanda mlima."

"Karibu yao. Nitawatazama vizuri huko nyuma, hakuna atakayeanguka."

Binti akamtazama mama yake. Mama yake akafunua sufuria ambayo haikuwa na haja ya kufunuliwa.

"Nimewaambia wewe ndiye unayeongoza," binti akasema.

Mkia akaacha kusugua. Nilidhani atakasirika, nikajiandaa kumuunga mkono, kwa maana mimi ugomvi wa haki naupenda. Hakukasirika. Kitu kilimpita usoni ambacho sikuwahi kukiona, akainama kukificha. Mtu alikuwa amefurahi. Miaka yote ile, kumbe alikuwa anataka, ila hakuwa amepata mtu wa kumwomba mara ya pili.

"Baba, siku moja tu," binti akasema.

"Siku moja si kitu," akajibu. "Nitamwambia baba yako mdogo tubadilishane."

Kesho yake alimwambia mbele ya kibanda changu. Spika alikuwa anafunga kamba za buti, mguu juu ya benchi langu nililolipiga rangi juzi tu. Alikubali kabla kaka yake hajamaliza sentensi.

"Kaka, hilo ni la kuomba? Njia hii unaijua kuliko mimi. Nani amepita hapa mara nyingi kuliko wewe?"

Mkia akamshukuru mara mbili, akaenda kuchukua kundi lake. Spika akabaki anacheka peke yake.

"Unacheka nini?" nikamuuliza.

"Shemeji, wewe umekaa hapa getini siku zote. Umewahi kuona mkia akapandishwa kuwa kichwa?"

Sikuwahi. Vichwa wote wanatoka kwa wafyekaji. Mimi nilidhani ni upendeleo tu, kama mambo yote ya ofisini.

"Basi Jumapili funga kibanda uje," akasema. "Hutajuta."

Jumapili ikafika. Mkia alikuwa amenyoa, amefua kofia, na amevaa kizibao chekundu cha mdogo wake ambacho vifungo vyake vilikuwa vinaomba msaada. Spika alivaa kile cha njano cha mkia, kikamning'inia. Wageni walikuwa kijana mwenyewe, baba yake, mzee mpole ambaye siku nzima sikumsikia akisema zaidi ya "ahsante", na yule matroni. Huyo mama alishuka garini akatukagua wote kama vile amekuta shuka chafu. Nikamvisha mabuti. Akaniambia nimemkaza sana, nikalegeza, akaniambia nimelegeza sana. Mdogo wangu, ambaye magoti yanamsumbua, alibaki getini na chupa ya chai. Akanikonyeza niwe karibu na binti.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Mpaka darajani njia ni moja, pana, hata mbuzi hawezi kupotea. Mkia alitembea kifua mbele. Alijaribu kutaja mti, akausahau jina, akasema, "Huu ni mti wa zamani." Matroni akatikisa kichwa kwa heshima. Binti alikuwa anatabasamu, na mimi nikaanza kujiona mjinga kwa kuwa na wasiwasi.

Kisha tukafika njia panda ya kwanza, Mkia akasimama.

Alitazama kulia, akatazama kushoto. Akageuka akatutazama sisi, akatazama nyuma yetu tulikotoka, kwa muda mrefu. Halafu akaingia njia ya kulia hatua chache, akageuka tena, akatazama nyuma. Akarudi. Akaingia ya kushoto hatua chache, akageuka. Uso ukamlegea.

"Ni huku," akasema.

"Mkwe, kuna kitu umesahau?" matroni akauliza.

"Hapana, mama. Nawahesabu tu."

Njia panda ya pili ikawa vilevile: kuingia, kugeuka, kutazama, kurudi, kuingia kwingine. Ya tatu hivyo hivyo. Hapo akili yangu ikafunguka. Mtu huyu hakuwahi kuiona njia inakokwenda. Kazi yake yote ilikuwa visigino, na akiinua macho kutoka kwenye visigino, anageuka kutazama alikotoka, asije akawa ameacha mtu. Msitu anaoujua yeye ni ule unaobaki nyuma. Kuna jiwe lenye kovu pale kwenye maporomoko ambalo hulioni ukipanda; unaliona ukishalipita na kugeuka. Kwa mawe na visiki vya namna hiyo ndivyo anavyojua alipo. Na kwenye njia panda hakuwahi kuchagua kitu, migongo ya watu ilikuwa inamchagulia. Mikia wote wako hivyo. Ofisi inajua, vichwa wanajua, na Spika alijua tangu siku ile ameweka mguu kwenye benchi langu.

Nikageuka kumtazama Spika. Alikuwa anatembea mwisho kabisa, anatafuna jani, macho yanamng'aa.

Juu ya maporomoko ukungu ukashuka. Huwa unashuka pale mchana, hakuna cha ajabu. Lakini kwa Mkia ulikuwa msiba, kwa sababu sasa akigeuka haoni mbali. Kwenye njia panda ya korongo alijaribu kushoto, akajaribu kulia, akasimama katikati. Jasho lilikuwa linamtoka na hali ya hewa ilikuwa baridi. Binti akamwambia kwa sauti ndogo, "Baba, twende, wanatutazama." Akaenda kushoto.

Tulitembea mpaka majani yakatufika kiunoni. Njia ikawa matope. Matroni akazama mguu mpaka kwenye ugoko, alipouvuta ukatoka mguu, buti likabaki. Mzee akaingia kulichimba. Mbele yetu, hatua chache tu, ardhi ilikuwa imeisha. Kulikuwa na ile kamba ya zamani ya kuzuia watu wasitumbukie korongoni, imeoza, imelala chini.

Nikamrudia Spika, nikamshika kizibao.

"Ulijua hii si njia. Kwa nini hukusema?"

"Mkia hasemi, shemeji," akanijibu. "Ndiyo kazi yetu ilivyo. Kaka yangu hajawahi kusema miaka yote hii, nami niharibu leo?"

Nilitamani kumpiga. Mkononi nilikuwa na buti la matroni lililojaa matope, alilonipa mzee baada ya kulichimba, na bado najilaumu kwamba nilimkabidhi mwenyewe badala ya kulitumia.

Tukarudi mpaka njia panda. Hapo Mkia alifanya jambo ambalo limemfanya ajulikane kuliko wakubwa wote wa kisiwa hiki. Alivua kofia, akaifuta uso, akaivaa tena. Akaipa njia mgongo, akatuelekea sisi, akaanza kupanda mlima kinyumenyume.

Na hakukosea. Hilo lazima niliseme, kwa sababu wanaoisimulia habari hii huliacha. Alipanda kinyumenyume kwenye mizizi, kwenye ngazi za magogo, kwenye mawe yenye utelezi, wala hakujikwaa. Kila alipopita, msitu ulijipanga mbele ya macho yake jinsi anavyoujua, na akiona haujajipanga anasogea pembeni hatua mbili mpaka ujipange. Tena alijua kila mahali watu wanapoanguka. "Hapa mzizi, mama, inua mguu wa kushoto. Hapa jiwe linacheza, usilikanyage, pita pembeni." Matroni aliyekuwa anazama kila hatua akaanza kupanda vizuri. Nikadhani tumeokoka.

Kisha kijana akatoa simu.

Spika naye alikuwa anasubiri hilo tu. Akapaza sauti kutoka nyuma, ile sauti yake ya kazini. "Ndugu abiria, samahani kwa usumbufu. Gari letu la leo lina gia moja tu, ya kurudi nyuma. Msishuke mpaka lisimame." Kijana akaanza kucheka huku simu inatetemeka mkononi. Matroni akajizuia kwanza, akashindwa, akacheka mpaka akashika mti. Hata yule mzee mpole alifunika mdomo. Spika akaendelea, kila hatua na neno lake, na kila neno kijana akasogeza simu karibu zaidi na uso wa Mkia.

Mkia aliendelea kupanda. Kwa kuwa alikuwa ametuelekea, hakuwa na pa kuuficha uso.

Matroni akajifuta machozi, akamshika binti bega. "Mwanangu, niambie kweli. Baba yako amekuwa kiongozi tangu lini?"

Nilikuwa hatua moja nyuma ya yule msichana. Alikuwa na nafasi ya kusema maneno ya kweli yaliyo rahisi kabisa, kwamba nimedanganya kwa sababu niliona aibu.

"Si kazi yake, mama," akasema. "Yeye huwa nyuma. Leo aliomba mwenyewe aongoze, akang'ang'ania. Nikashindwa kumkatalia, si unajua wazee."

Mkia alikuwa karibu kiasi cha kuweza kumgusa. Alimtazama binti yake.

"Mzizi hapa," akasema. "Inua mguu."

Binti akainua.

Tulifika juu, tukaiona bahari, tukateremka. Getini mdogo wangu alituuliza tumetembeaje, na Mkia akamjibu, "Salama, hakuna aliyeanguka." Akavua kizibao, akakikunja, akamrudishia mdogo wake.

Ile picha ya video ilizunguka kwenye simu za watu kabla matope hayajakauka. Wiki ile ile wageni wakaanza kuja kibandani kwangu wananiuliza, yule anayerudi rivasi yuko wapi? Ofisi ikanusa. Mkubwa wetu, ambaye mlimani hajawahi kupanda hata kwa bahati mbaya, akamwita Mkia akamwambia hongera, kuanzia sasa wewe ni kichwa, lakini unatembea vile vile kwa mgongo. Mkia akaomba arudi nyuma. Mkubwa akashangaa. "Si ulitaka kuongoza? Watu wanaomba kazi hii, wewe unaikataa?" Kizibao cha njano alikuwa ameshapewa mtu mwingine. Ilikuwa avae chekundu au akae nyumbani, na mtu mwenyewe nje ya msitu ule hana mbele wala nyuma.

Basi anatembea kinyumenyume mpaka leo. Spika anatembea pembeni yake anasema yale maneno ya abiria na gia, ameyanoa sasa, yana hata wimbo. Shingo ya Mkia imekakamaa. Kuna siku alianguka, mfyekaji alikuwa ameacha gogo njiani, akaenda chini kwa mgongo mzima. Wageni walipiga makofi. Walidhani ni sehemu ya mchezo, na Spika hakuwasahihisha. Nilimpaka dawa mimi, nyuma ya kibanda, mgongo wote umechubuka. Nikamuuliza kwa nini hamwambii mdogo wake anyamaze. Akasema, "Akinyamaza wataniangalia mimi."

Mtadhani posa ilivunjika. Haikuvunjika. Matroni alirudi nyumbani amefurahi kuliko alivyokuja, akasema ameshachoka na watu wanaojifanya wakubwa, hii familia ina vichekesho. Siku ya kupanga harusi walikaa sebuleni kwa mdogo wangu, mimi nikiwa nagawa soda. Likaja swali la nani atamwingiza bibi harusi ukumbini. Binti akasema haraka, "Baba mdogo." Mkia alikuwa amekaa kwenye kiti cha mwisho karibu na mlango. Akakubali kwa kichwa, kana kwamba alikuwa ameulizwa.

Matroni akakataa. "Baba mdogo wa nini na baba yupo? Aingie baba mwenyewe. Aingie vile anavyotembea, wageni wangu wote wameiona ile video, wanamsubiri." Akacheka. "Harusi bila kicheko ni kikao cha wodi."

Binti akasema hapana, mama, itakuwa aibu. Lakini alisema kwa sauti ya mtu anayetaka kulazimishwa, na mchumba wake akamlazimisha. Jioni akaingia jikoni. Baba yake alikuwa kwenye kigoda kilekile.

"Baba, siku moja tu," akasema.

Nilimwambia binti yule maneno ambayo mama mkubwa hatakiwi kumwambia mtoto wa mdogo wake. Sitayarudia. Alilia, akapaka upya poda, akaondoka. Mkia alinikasirikia mimi.

Siku ya harusi alivaa suti ya kuazima yenye mikono mifupi. Mlango wa ukumbi ukafunguliwa, mshereheshaji akapiga kelele, muziki ukaanza, na shemeji yangu akaingia kwa mgongo. Watu walisimama juu ya viti. Simu zilikuwa juu kila upande. Binti yake alikuja mbele yake, mweupe mtupu kuanzia kichwani, ua mkononi. Katikati walikuwa wawili tu, hatua moja baina yao, yeye anarudi nyuma na binti anamfuata, uso kwa uso, ukumbi mzima. Mpiga video alikuwa nyuma ya mgongo wa Mkia, naye anarudi nyuma vilevile. Binti alimtazama mpiga video. Alitabasamu juu ya bega la baba yake kuanzia mlangoni mpaka kwenye jukwaa, na macho yake hayakushuka hata mara moja.

Karibu na jukwaa zulia lilikuwa limekunjika. Mkia alilihisi kwa kisigino. Nilikuwa kando, nikaona midomo yake ikisema, inua mguu. Binti akainua bila kumtazama.

Wakapiga makofi kweli. Spika alipewa kipaza sauti, akasema ya abiria na gia, wakapiga tena.

Baadaye nilitoka nje kutafuta hewa, nikamkuta shemeji nyuma ya ukumbi, palipopangwa viti vya plastiki vilivyozidi. Alikuwa amekaa kwenye kimoja, shingo imekakamaa, kwenye kiganja ana hereni na kiatu cha mtoto alivyoviokota sakafuni. Nikavuta kiti nikakaa.

"Nimemwona uso njia nzima, shemeji," akaniambia. "Ningemwingiza kama wababa wengine, bega kwa bega, ningeona ukuta tu."

Nilikuwa na hasira, na katika ukoo ule hakuna mwingine wa kumwambia mtu ukweli.

"Hakuwa anakutazama wewe," nikasema. "Alikuwa anatazama kamera, nyuma ya kichwa chako."

Akakigeuza kile kiatu cha mtoto, akatazama kisigino chake.

"Najua," akasema. "Lakini uso ulikuwa upande wangu."